Kopo Namba 117

Ambulensi ilikuwa imeshatoka Mwiki, king'ora kinalia, na kila gari lilikuwa linaipisha.

Hilo ndilo lililomchoma Awiti. Watu wazuri, madereva wa malori, akina mama na mikokoteni yao ya mboga, wote wanasogea kando kwa heshima wakidhani ndani kuna mgonjwa. Mgonjwa hakuwepo. Kulikuwa na mwenye bucha wa kilo mia moja arobaini na moja, kamba mikononi na miguuni, soksi mdomoni, na wanaume wawili wamemkalia kifuani.

Saa mbili na dakika kumi asubuhi.

Dianah Awiti alikuwa mita mia mbili nyuma, juu ya Yamaha ya bluu. Umri miaka arobaini na moja, kumi na sita kati ya hiyo katika idara isiyo na bango mlangoni. Glock chini ya kwapa. Kisikizi sikioni.

"Nanasi, hapa Bwawa." Ilikuwa sauti ya Mzee Ayub, mkuu wake, mtu ambaye hajapandisha sauti tangu wajuane. "Unawaona?"

"Nawaona."

"Mtu wetu anatakiwa hai."

"Hata wao wanamtaka hai, mzee. Ndiyo maana bado anapumua."

"Basi usiwaache wafike mbali."

Akakaza mkono wa kulia. Yamaha ikaruka.

Mtu mwenyewe aliyefungwa aliitwa Mwas, na hakuwa jasusi wala tajiri. Alikuwa na bucha moja, mke mmoja aitwaye Beth, na binti aliyeolewa. Balaa lake lilikuwa kopo.

Kwa miaka mitatu Daktari Mwanaharusi, mwenye kliniki ndogo pale Kamenu, Thika, alikuwa akipima watu wanene mia tatu. Tumbo la mtu lina bakteria wengi kuliko nyota. Wapo wa kazi nzuri, na wapo ambao ukiwalisha nyama asubuhi, mchana na jioni bila mboga wala kunde, wanapika sumu. Sumu inaingia kwenye damu, na figo ndizo zinabebeshwa mzigo wa kuichuja. Unene ukizidi, wapishi wa sumu nao wanazidi. Figo zinachoka kimya kimya. Siku mtu anaposikia maumivu, mara nyingi zimeshakwisha.

Hivyo ndivyo daktari alivyokuta kwa karibu watu wote wake, huyu kidogo, yule sana.

Isipokuwa namba 117. Huyo ndiye Mwas, kilo mia moja arobaini na moja, mla nyama kila siku ya Mungu, na mkojo wake ni safi kama wa msichana wa shule. Katika kopo lake la choo kikubwa, wapishi wa sumu walikuwa wachache mno.

Daktari akawaandikia wenzake wa ng'ambo kwa furaha. Barua ikasomwa na mtu asiyeandikiwa.

Mtu huyo aliitwa Hartog. Kazi yake ilikuwa kuwauzia matajiri wa dunia dawa ambazo hakuna serikali imezipima. Sasa alikuwa ameona kidonge cha maisha yake: kula unavyotaka, nenepa unavyotaka, figo zako hazitaguswa. Wiki iliyopita watu wake walivunja kliniki ya Kamenu, wakamkata askari wa mlangoni shingo na kubeba jokofu zima. Lakini walilibeba kwenye pikapu, juani, na bakteria wale hewa peke yake inawaua. Walifika na uozo.

Ndiyo sasa wakaamua kubeba chemchemi yenyewe.

Kamakis. Moshi wa nyama ya mbuzi ulikuwa umeanza kupanda kwenye mabanda ya kando ya baipasi. Awiti akafika mita thelathini nyuma ya ambulensi.

Mlango wa nyuma ukafunguka.

AK-47.

Risasi za kwanza zilipita juu ya kichwa chake, zikapasua bango la choma na dirisha la kinyozi. Watu wakalala chini kama waliokatwa miguu. Awiti akajilaza juu ya tangi, akaiyumbisha Yamaha kushoto, kulia, akachomoa Glock kwa mkono wa kushoto.

Risasi mbili.

Ya kwanza iligonga bati. Ya pili iliingia chini ya mbavu za mwenye bunduki. Akadondoka nje ya gari kama gunia la viazi, akabingirika mara tatu kwenye lami.

Lakini kidole chake kilikuwa bado kwenye kifyatulio. Tairi la mbele la Yamaha likapasuka. Awiti akaenda chini, akateleza na lami hatua ishirini, ngozi ya kiwiko ikabaki nyuma yake.

Ambulensi ikatokomea. Magari yakaendelea kuipisha.

Akainuka. Akamwendea yule mtu, akapiga magoti karibu naye na kumbana kidonda kwa kiganja.

"Mmempeleka wapi?"

Alikuwa anatokwa na damu mdomoni, na bado akacheka. Akasema mzungu hataki kitu kikubwa, anataka tu choo cha mtu. Akishakipima kwa mashine yake na kuona ni chenyewe, wanampandisha mnene kwenye ndege saa nane.

"Na kama si chenyewe?"

Mtu akamtazama kama anayeulizwa swali la kitoto. Akafa bila kulijibu.

Beth alikuwa ameketi juu ya gogo la kukatia nyama ndani ya bucha, milango imefungwa nusu. Mwanamke mwembamba, aproni nyeupe, mikono imelala mapajani. Nusu ng'ombe alining'inia nyuma yake. Hakuwa analia. Awiti alipendelea wanaolia. Hao husema haraka.

Akamweleza kilichotokea bila kukipunguza. Akamwambia watu hawa wanatafuta nini tumboni mwa mumewe. Beth akasikiliza hadi mwisho, kisha akatazama sakafu.

"Si yake," akasema.

"Nini si yake, mama?"

"Ile ya kwa kopo. Ni yangu."

Nzi akatua kwenye mzani. 

Habari ikatoka polepole. Nesi aliyegawa makopo pale kliniki alisoma na binti yao Wamboi. Mwas alikuwa amembeba mgongoni akiwa mdogo. Sasa ati ampelekee msichana huyo kopo la namna hiyo, limeandikwa jina, na amwambie chukua? Mwas aliapa heri afe. Lakini kliniki ilikuwa inatoa dawa ya presha bure kwa wanaoleta makopo, la choo na la mkojo. Beth akajaza yote mawili. Miaka mitatu. Kila mara. Mwas mwenyewe alikuwa akiyafunga kwa gazeti vizuri, kama anavyofunga robo ya nyama, na kuyapeleka Thika akiwa amevaa koti.

"Kwenye mizani alipanda yeye," Beth akasema. "Hiyo kilo ni yake. Zingine zote ni zangu."

Awiti akampigia Daktari Mwanaharusi na kumwambia maneno hayo hayo.

"Ana kilo ngapi huyo mama?" daktari akauliza.

"Hamsini na nane."

"Na anakula nini?"

Awiti akauliza. Beth akasema nyama humkinai, anashinda nayo kutwa nzima. Anakula githeri, sukuma, ndizi, maharagwe ya njahi yakipatikana.

"Basi hakuna muujiza," daktari akasema. "Kuna mwanamke mwembamba mwenye figo nzuri. Wako elfu ngapi hapo Ruiru." Akavuta pumzi. "Awiti, unajua maana yake ni nini? Figo za huyo mzee hakuna mtu amewahi kuzipima."

Beth alikuwa amesikia. Akasema miguu ya Mwas huvimba jioni, kidole kikibonyeza kinaacha shimo. Asubuhi uso unakuwa kama mandazi. Lakini kliniki iliwaambia yuko sawa, na wao wakaamini.

Awiti akatazama Casio yake. Saa tatu na nusu. Mashine ya Hartog ikimaliza kazi, Mwas hatakuwa na faida kwa mtu yeyote. Atachinjwa, na kabla ya kuchinjwa ataulizwa kopo lilijazwa na nani.

"Atanitaja?" Beth akauliza.

"Watu hutaja, mama. Wakiumizwa sana, hutaja."

"Bado hawajapata," Beth akasema ghafla. "Hawajapata hicho kitu wanataka. Hawezi. Hata hapa nyumbani, kukiwa na mgeni sebuleni, huyo mtu hawezi kuenda choo. Anangoja mpaka mgeni atoke kwa geti. Mara moja dada yangu alikaa siku tatu, Mwas karibu afe."

Awiti akasimama. Hilo ndilo neno alilokuwa analitafuta.

"Bwawa, hapa Nanasi. Watahitaji dawa ya kumharisha. Nyingi, na sasa hivi. Pigieni kila duka la dawa, Ruiru, Juja, Thika."

"Na tukipata?"

"Mwenye duka amcheleweshe mnunuzi kwa maneno."

Duka lilikuwa Ruiru mjini, upande wa stesheni ya treni. Mwenye duka aliitwa Leila, mama wa buibui jeusi na miwani ya kusomea, na alipopigiwa simu mteja mwenyewe alikuwa amesimama mbele yake. Alitaka chupa sita za mafuta ya mbarika na bomba la mpira la kusafishia tumbo. Mkono wa shati lake ulikuwa na damu. Alisema ni ya ng'ombe.

Leila akaweka simu chini, akamgeukia kwa upole. Akamuuliza ng'ombe ni wa aina gani. Ana uzito gani. Ana mimba? Mara ya mwisho alikunya lini, na ilikuwa ngumu au laini? Yule mtu akajibu yote huku jasho linamtoka, mpaka akawa amembuni ng'ombe kamili, wa rangi ya kahawia, aitwaye Nyambura.

Dakika kumi na saba.

Alipotoka na kuingia kwenye Probox nyeupe, Awiti alikuwa ng'ambo ya barabara juu ya pikipiki nyingine. Alikuwa amekwisha kuona viatu vyake. Vilikuwa vimegandwa na maganda ya kahawa.

Kiwanda kilikuwa ndani ya shamba la kahawa lililoachwa, kilomita nane kutoka mjini. Mabati yenye kutu, matangi ya saruji ya kulowekea kahawa, safu za meza za kuanikia zilizoota magugu. Ambulensi ilikuwa imefunikwa kwa turubai. Land Cruiser kando yake.

Awiti akailaza pikipiki kwenye mibuni na kuanza kutambaa.

"Bwawa. Nimefika. Naona mmoja getini, mmoja mlangoni, na huyu wa Probox. Ndani bado."

"Timu iko Juja. Dakika hamsini. Usiingie."

"Mzee."

"Usiingie, Nanasi. Ukiingia peke yako watamwua kwanza yeye, halafu wewe."

Ilikuwa kweli. Akatambaa hadi ukuta wa nyuma na kubandika kwenye bati kitu kidogo kama kifungo cha shati. Sauti za ndani zikamjia sikioni kana kwamba amekaa nao meza moja.

Alisikia wakibishana kuhusu mafuta ya mbarika. Alisikia Mwas akibanwa pua anyweshwe, akiwatemea. Kisha bomba. Alisikia mtu mzima akilia, si kwa maumivu, kwa aibu. Awiti alikuwa ameua watu tisa maishani mwake na hakuna sauti iliyowahi kumfanya afumbe macho. Hiyo ilimfanya.

Hartog akapata alichotaka. Mashine yake ndogo, ya ukubwa wa simu, ikaanza kunguruma.

Dakika ishirini. Thelathini.

"Siyo huyu." Hartog alikuwa ameishi Kenya miaka mingi na Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha shambani. "Hii takataka. Hii tumbo mbaya kabisa. Hii mtu karibu kufa."

Kisha sauti ya pili. Kagwe. Awiti alimjua, alikuwa polisi, akafukuzwa kwa sababu washukiwa wake hawakuwa wakifika kortini wakiwa wazima.

"Mnene," Kagwe akasema taratibu, "ile kopo ilijazwa na nani?"

Mwas akatema mate sakafuni.

Kishindo cha kisu cha bucha juu ya mbao. Mwas akanguruma.

"Hicho kidole kimoja. Umebaki na tisa. Nani alijaza?"

"Mbwa," Mwas akasema.

"Nini?"

"Mbwa ya jirani. Inaitwa Simba. Endeni mchukue, lakini inauma."

Hartog akauliza ni mbwa wa aina gani. Kagwe akamwambia anyamaze, anachezewa.

Kishindo cha pili.

"Bado ni mbwa?"

Mwas alikuwa anapumua kama fahali. "Bado ni mbwa."

"Sawa," Kagwe akasema. "Wacha tuulize mama Wamboi. Si yeye ndiye anakupikia? Anajua vile vinaingia na vile vinatoka." Akaita jina la mtu mmoja na kumwambia achukue Probox aende Mwiki, kwenye bucha, amlete yule mwanamke, na akileta kelele aletwe vipande vipande, mzungu anataka tu tumbo.

Meza ikaanza kutikisika. Mwas alikuwa anapigana na kamba.

Zilibaki dakika nane timu ifike.

"Nanasi," Mzee Ayub akasema. "Nimesikia. Ngoja."

Awiti akatoa kisikizi sikioni, akakitia mfukoni na kufunga zipu.

Mtu wa Probox alitoka mbio, funguo mkononi. Alipopita kona ya ukuta, mkono ulimshika kidevu kutoka nyuma na kisu kikaingia chini ya sikio. Hakupiga kelele. Awiti alimlaza chini kama anayelaza mtoto, akachukua funguo, akazitupa ndani ya tangi.

Wa getini aligeuka kwa mlio wa funguo.

Glock ilikuwa na kiziba sauti. Puf. Jicho la kushoto.

Wa mlangoni alikuwa mwepesi. Alipiga kwanza. Risasi ikachana bega la Awiti, ikamzungusha na kumtupa juu ya magunia. Bastola ikamponyoka. Mtu akaja juu yake na kitako cha bunduki, akapiga mara moja, mbavu, mara ya pili, akakosa. Awiti akashika mtutu, akavuta, akampiga kwa paji la uso kwenye pua mpaka akasikia mfupa ukivunjika. Kulikuwa na reki ya chuma, ile ya kugeuzia kahawa. Ikaingia shingoni, meno yote manne.

Akaokota Glock. Akasukuma mlango kwa mguu.

Kagwe alikuwa tayari.

Alikuwa amekata kamba za miguu na kumsimamisha Mwas mbele yake, mkono mmoja umemkaba shingo, Beretta imegusa sikio. Mwas alikuwa uchi kuanzia kiunoni kwenda chini, damu inachuruzika kutoka mkono wa kushoto, uso umevimba. Nyuma yake Kagwe hakuonekana kabisa. Ruiru yote haina ngao pana kama ile.

"Weka hiyo kitu chini, dada," Kagwe akasema kutoka nyuma. "Nitamtoboa."

"Utajificha nyuma yake mpaka lini?"

"Mpaka kwa ndege."

Awiti akamtazama Mwas machoni. Mwas alikuwa anatazama ukuta. Hakutaka kuonwa na mwanamke akiwa hivyo.

"Baba Wamboi," Awiti akamwambia, kwa sauti ya kumkaribisha mgeni. "Umesimama sana. Si ukae."

Mwas akayageuza macho. Akaelewa.

Akakaa.

Alijiachilia nyuma na kilo zote mia moja arobaini na moja, za miaka ishirini ya mbavu na kiuno na mafuta ya kukaanga, na Kagwe alikuwa chini yake. Mbavu zilivunjika kwa mfuatano, kama kuni kavu. Beretta ikalia, ikatoboa bati la paa. Awiti akapiga hatua tatu, akaukanyaga mkono wa bastola na kuupiga risasi kwenye kifundo.

Kagwe hakuweza kulia. Hakuwa na pumzi.

"Usiinuke kwanza," Awiti akamwambia Mwas.

"Siinuki," Mwas akasema.

Hartog alikuwa ametoka kwa mlango wa nyuma na sanduku lake la barafu, anakimbia kati ya meza za kuanikia kuelekea Land Cruiser. Mzee wa miaka sitini, suruali ya kaki, glavu za mpira bado mikononi. Awiti alimfuata akitembea. Bega lilikuwa linawaka.

Akapiga tairi la mbele. Akapiga la nyuma.

Hartog akasimama ukingoni mwa tangi lenye maji meusi ya mvua, akakumbatia sanduku.

"Wewe hapana jua hii kitu ni nini," akasema. "Watu mamilioni wanakufa na figo. Sema tu nani. Nani alijaza kopo? Mimi iko weza fanya wewe tajiri."

"Ni mtu mwembamba," Awiti akasema.

"Nini?"

"Kopo lilijazwa na mtu mwembamba. Anakula githeri. Hakuna kitu kingine."

Alimwona akilifikiria. Alikuwa mtaalamu, haikumchukua muda. Askari wa Kamenu, jokofu, ndege, watu wake waliolala pale nje, vyote vilipita usoni mwake, na mwisho wake kulikuwa na sahani ya mahindi na maharagwe. Akacheka kidogo. Kisha mkono wake ukaingia ndani ya sanduku, na haukutoka na kichupa.

Awiti alipiga mara tatu, kifuani, na hakuharakisha.

Bastola ndogo ikaanguka kwenye majani. Hartog akaanguka kwenye tangi. Sanduku lilielea.

Timu ilipofika ilimkuta Awiti ameketi kwenye ngazi akifunga bega kwa kitambaa cha mtu mwingine. Mwas alikuwa ameviringishwa turubai la ambulensi, bado amekaa pale pale. Ilibidi wanaume sita kumwinua. Chini yake Kagwe alikuwa bluu.

Beth aliletwa na gari la idara. Alisimama mbele ya mumewe, akauangalia mkono.

"Uliwaambia?"

"Niliwaambia ni ya Simba."

"Simba gani? Si hatuna mbwa."

"Ya jirani."

Beth akavua leso kichwani na kumfunga mkono. Awiti akaona huo ni wakati wa kuondoka. Akatoa kisikizi mfukoni, akakirudisha sikioni.

"Bwawa, hapa Nanasi. Nimemaliza."

"Nilikuambia ungoje."

"Nilikuwa nimefunga zipu, mzee."

Akaishika pikipiki na kuisukuma kati ya mibuni hadi barabarani, bila kugeuka.

Hartog alizikwa na ubalozi wa nchi yake, maneno machache, bila waombolezaji. Mashine yake iko kwenye kabati la ushahidi. Vidole viwili vya Mwas vilipatikana chini ya meza lakini vilikuwa vimekaa mno, havikuweza kushonwa tena.

Kagwe aliishi. Ana pafu moja linalofanya kazi na mkono mmoja usiofunga vifungo, na amefungwa maisha. Watatu wa kiwandani na yule wa Kamakis walichukuliwa na jamaa zao, isipokuwa wa Probox, ambaye hakuna aliyemjia.

Leila bado ana duka lake karibu na stesheni. Watu humwomba awasimulie habari za ng'ombe Nyambura, naye huwaambia ana kazi.

Mjane wa askari wa kliniki alipewa kazi ya usafi pale pale Kamenu. Daktari Mwanaharusi aliiandikia dunia barua nyingine, fupi, kwamba alikosea. Kisha akaanza utafiti upya na watu mia tatu wale wale. Wanaume sasa hupokewa na nesi mwanamume, mzee wa upara aitwaye Nzioki, ambaye haulizi mtu jina la mzazi. Daktari alishangaa ni wanaume wangapi waliokiri kwamba makopo yao yalijazwa na mtu mwingine. Walikuwa arobaini na mmoja.

Awiti alikaa hospitali siku nne. Mzee Ayub alimletea machungwa na barua ya onyo, vyote kwenye mfuko mmoja. Alikula machungwa.

Mwas alijaza kopo lake mwenyewe, mlango umefungwa, Beth amesimama nje ya geti kama alivyoomba. Figo zake zilikuwa zimebaki chini ya robo. Hata hiyo miaka mitatu aliyoambiwa yuko sawa, zilikuwa zinakwenda. Siku hizi anasafishwa damu kwa mashine Thika, Jumatatu na Alhamisi, kwa muda wa saa nne kila mara. Amepungua kilo thelathini na mbili. Bucha bado ni yake, na anakatia watu nyama kwa vidole vinane, vizuri tu. Saa saba Beth humletea githeri kwenye bakuli la plastiki, naye anakula akiwa amesimama nyuma ya nusu ng'ombe, mahali ambapo wateja hawamwoni.